Majina ya watoto tuliowafundisha



Juma hili tunapenda kusema juu ya watoto waliopita mikononi mwetu shuleni, wakaingia jeshini, wasirudi tena. Sisi walimu tunawakumbuka, na ninyi zaidi, maana ndio mliowazaa. Lakini mara nyingi hatuwataji. Mama akiulizwa ana watoto wangapi, anahesabu walio hai tu, halafu ananyamaza.

Kiwanja cha ndege cha Goma kiko ndani ya mji, nyumba na shule zimekizunguka. Ndiyo maana tukiuliza darasani, “Ukikua utafanya kazi gani?”, hakosekani wa kujibu, “Piloti!” Miongoni mwa waliojibu hivyo wako waliovaa sare. Hata mmoja wa wanafunzi wetu hakufika kuendesha ndege. Walikwenda kwa miguu, bunduki begani. Leo wamama zao wengine hawana hata kaburi la kwenda kupalilia.

Mwalimu akisikia habari ya namna hiyo, haoni askari. Anaona mtoto aliyeandika kwa mkono wa kushoto, aliyesahau kalamu kila Jumatatu, aliyekata andazi lake vipande viwili ili jirani yake naye ale. Mama mmoja alituletea buletini ya mwanawe ya darasa la sita. Hakutaka msaada. Alitaka tuisome kwa sauti, tukasoma: hesabu, Kifaransa, tabia. Akasema, “Basi, nanyi mnakumbuka.” Akaikunja, akairudisha ndani ya kitenge.

Katika nchi yetu waliwahi kufa warushaji ndege waliotoka mbali. Tarehe 11 Novemba 1961, Waitaliano 13 wa jeshi la anga waliuawa Kindu, kule Maniema. Walikuja na ndege mbili za C-119, wakiwaletea mizigo askari wa Malaya waliokuwa wakilinda amani chini ya ONU. Askari walioasi waliwakamata wakiwa mezani wakila. Walidhaniwa kuwa Wabelgiji waliokuja kusaidia Katanga. Miili yao ilipatikana mwaka uliofuata, ikarudishwa Italia. Mjini Pisa, walikotoka, ilijengwa nyumba ya kumbukumbu kwa ajili yao.

Si zamani tu. Tarehe 29 Machi 2022 helikopta ya ONU ilianguka Tshanzu, katika teritwari yetu ya Rutshuru, wakati wa vita. Watu wanane walikufa: Wapakistani sita, Mrusi mmoja na Mserbia mmoja. Kila mmoja wao alikuwa na mwalimu aliyemfundisha kusoma. Nao walioua kule Kindu waliwahi kuwa watoto wa mtu. Hilo linatuuma sana sisi tunaofundisha.

Iko hofu moja inayotuzuia kusema, na ni ya haki. Tukiwasifu waliokufa vitani, wadogo zao watatamani kuwafuata. Tumekwisha kuona wavulana wa miaka kumi na minne wakisimulia vita kama mpira. Tukinyamaza nako, mama anabaki peke yake na kilio chake, na mtoto wake anakuwa hesabu tu katika habari za redio: wamekufa askari kadhaa. Ilitubidi tutafute njia ya katikati.

Njia tunayoiona ni hii: tuwakumbuke kama watoto wetu. Tuseme jina, darasa alilofika, kazi aliyotamani, wimbo aliopenda, alichekesha nani nyumbani. Bunduki haina haja ya kutajwa. Mdogo anayesikia kwamba kaka yake alikuwa mkali wa hesabu na alitaka kuwa piloti, anaelewa kilichopotea. Hapo hatamani kwenda. Anauliza kwa nini hakumaliza masomo. Swali hilo ni letu sote kulijibu.

Karatasi nazo hazidumu kwetu. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 iliteketeza shule nyingi za mji huu, na zilizoungua zilipoteza vitabu vyao vya majina. Vita na kukimbia kila mara vimekula vingine. Kwa hiyo kumbukumbu iko kwenu, ndani ya masanduku na mifuko yenu: buletini, kaye, picha ya komunio, cheti cha ubatizo.

Tunaomba mambo mawili tu. La kwanza, kila kikundi kiwe na kaye moja. Siku ya mkutano, mama anayetaka aseme jina la mwanawe, nasi walimu tulioko katika kikundi tutaandika. Asiyejua kuandika asione haya, ndiyo kazi yetu. Asiyetaka kusema, asilazimishwe. Na kaye hiyo ikae kwa mama mnayemwamini, isitembezwe. La pili, mama akitaja mtoto aliyekufa, tusimuulize alikuwa upande gani. Tumuulize alikuwa mtoto wa namna gani, kisha tukae tumsikilize hadi amalize.