Mpya, jipya, kipya: nilivyochagua chombo cha kazi

Ukimuuliza mwandishi wa programu ni kihariri gani kinafaa, jitayarishe kusikia mahubiri. Mmoja ataapa kwa Vim, mwingine kwa Emacs, wa tatu atakucheka kwa kuwa hutumii Visual Studio Code. Nilipojiunga na tafsiri ya LibreOffice kwa Kiswahili niliwasikiliza wote, nikaona hawakugusa swali langu. Mradi huu, uliozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, haumlazimishi mtu kihariri. Msimbo hupitia Gerrit ili ukaguliwe, tafsiri hupitia Weblate. Ulichoandikia hakuna anayekiona.

Swali langu lilikuwa la kisarufi. Chukua neno New. Kiingereza hakijali linafuatana na nomino gani. Sisi tuna hati mpya, jedwali jipya, kichwa kipya, vichwa vipya. Mfasiri anayeliona peke yake anabahatisha tu. Na Open je: ni amri «fungua», au ni hali ya kuwa wazi? Mbaya zaidi ni sentensi zenye pengo linalojazwa na mashine: «%1 imefutwa». Pengo likijazwa na «kurasa», upatanisho unavunjika mbele ya msomaji, naye anarudisha programu kwenye Kifaransa. Ndiyo maana wengi wetu tunaandika TFC juu ya Kiswahili ndani ya menyu za Kifaransa.

Kwa hiyo nilipima kila chombo kwa jambo moja: kando ya neno kinanionyesha nini? Weblate huonyesha maneno jirani, lakini inataka intaneti muda wote, na mega za mwanafunzi zinajulikana. Poedit hukubali kazi bila intaneti. Umeme ukikatika naendelea mpaka betri iishe. Mwishowe nimebaki na kihariri cha kawaida kabisa pamoja na grep, amri iliyokuwapo tangu miaka ya 1970. Faili ya .po ni maandishi matupu, na mstari wa msgctxt hutaja kisanduku ambamo neno linakaa. Kwa grep naona kila New mahali pake, yote kwa pamoja, kama konkodansi ya darasani. Msimbo wenyewe niliuchukua bila historia yake, kwa --depth 1, la sivyo ungemeza mega za mwezi mzima.

Kuna jambo ambalo hakuna kihariri kitakachoniamulia. Katika ISO 639-3 Kiswahili cha Kongo kina kodi yake, swc, kando ya swh. Tujiunge na sw ya Watanzania, waliotangulia na Jambo OpenOffice mwaka 2004, au tuombe yetu? Mimi naelekea sw: watafsiri ni wachache, wakigawanyika faili zitalala. Mwalimu wangu wa dialektolojia hakubali. Ameniomba orodha ya maneno ya menyu ambayo wanafunzi wa hapa hawayaelewi, na nimeanza kuikusanya, kwa grep hiyohiyo.