Noah yetu katika mlima wa Kitonga

Kwa miaka mitatu gari letu, Noah ya mwaka 1998, halikujua safari iliyozidi Mbagala hadi Kariakoo na kurudi. Lilipeleka watoto madrasa, likabeba majirani kwenda maziko, likakaa kwenye foleni saa nzima bila ya kulalamika. Nikaamini kuwa ni zima. Hivyo harusi ya mdogo wangu ilipopangwa kufungwa Mafinga, sikuona haja ya kukata tiketi nane za basi. Tukajipakia: mimi na mke wangu, mama yangu mzazi, watoto wanne na mpwa wangu, pamoja na mabegi na viroba viwili vya nazi, kwani huko nyanda za juu nazi ni zawadi ya kupokelewa kwa mikono miwili.

Tulitoka baada ya swala ya Alfajiri. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni takriban kilomita 190, na kipande hicho hakina la kusimulia zaidi ya msongamano wa malori pale Chalinze. Milima ya Uluguru ilipochomoza mkono wa kushoto, mshale wa joto la injini ulikuwa umetulia mahali pake, nami nikaanza kulisifu gari mbele ya abiria wangu. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi mwendo umewekewa kikomo, na anayemgonga mnyama hutozwa faini. Watoto walihesabu twiga na pundamilia. Tulipotoka hifadhini tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, tukala wali tuliofungasha nyumbani, tukaendelea.

Baada ya hapo nchi hubadilika. Barabara hushuka kwenye bonde la joto kali lenye mibuyu mingi ajabu, na katikati yake upo mji mdogo wa Ruaha Mbuyuni, wenye vitunguu vilivyopangwa kando ya njia. Mbele yake ndipo unapoanza mlima wa Kitonga. Yeyote aliyepita hapo anaufahamu: ukuta wa mawe upande mmoja, korongo upande wa pili, na kona zinazomlazimisha dereva kufuata mkia wa lori kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Katika Noah za aina hii injini imelala chini ya viti vya mbele. Aliyegundua tatizo, kwa hiyo, hakuwa dereva.

"Baba Zuwena," mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "kiti kinaunguza."

Nilipotazama, mshale ulikuwa umekaribia alama nyekundu. Kusimama pale konani, na malori mbele na nyuma, kulikuwa hatari kuliko kuendelea. Nikazima kiyoyozi. Haikutosha. Nikakumbuka neno la dereva mmoja mkongwe wa teksi, kwamba hita ya ndani ya gari huvuta joto la injini na kulitoa pembeni. Nikaifungulia hadi mwisho. Fikiri, ndugu msomaji: saa tisa alasiri, katika joto lile, nawapulizia familia yangu upepo wa moto! Mama alijifuta uso kwa ncha ya mtandio wake, asiseme kitu. Mshale ukarudi nyuma kidogo, ukatufikisha kwenye sehemu pana ya kuegesha.

Mpwa wangu alikimbilia kifuniko cha rejeta, nikamzuia kwa ukali. Maji yaliyomo hukaa chini ya mgandamizo. Ukifungua yangali moto, hurukia usoni. Tulisubiri zaidi ya dakika arobaini. Kilichotoka hatimaye kilikuwa maji ya rangi ya kutu, na hapo sikuwa na wa kumlaumu. Miaka yote mitatu nilikuwa nikijazia maji ya bomba, nikidhani kulanti ni njia ya mafundi ya kutuchuna fedha. Kumbe ndiyo inayozuia kutu kuziba mishipa ya rejeta, tena huchelewa kuchemka kuliko maji matupu. Mjini kosa hilo lilijificha kwa kuwa injini haikuwahi kusukuma watu wanane mlimani. Tuliongeza maji, nikaweka gia kwenye 2, injini ikanguruma lakini ikabaki na joto la wastani hadi Ilula. Mafinga tuliingia usiku. Kesho yake, kabla hata ya kwenda kwenye nikaha, nilitafuta fundi akasafisha rejeta na kujaza kulanti.

Wakati wa kurudi tulikuwa na magunia mawili ya viazi mahali pa nazi. Nilishuka Kitonga kwa furaha, mshale umetulia, gia ikiwa kwenye D kama niendavyo Mbagala, mguu ukiwa kwenye breki. Katikati ya mteremko ikaja harufu ya kuungua, kisha pedali ikawa laini na kuzama kuliko kawaida. Nitasema kweli: hapo nilitamka shahada. Niliteremsha gia hadi L, gari likajizuia kwa mshtuko, nami nikalielekeza kwenye egesho lililokuwa na malori mawili.

Mpwa wangu alishuka na dumu la maji ayamwagie magurudumu yaliyokuwa yakifuka moshi. Dereva wa semi-trela akampigia kelele aache, kwani chuma cha moto kikimwagiwa maji hupinda au hupasuka. Kisha akanijia.

"Shehe, ulikuwa unashuka na gia gani?"

"D."

Hakucheka. Alimtazama mama yangu kupitia dirishani, akawatazama watoto, ndipo akasema, "Sisi hushuka na gia ileile tuliyopandia. Breki ni ya kusimamia, si ya kushukia. Kaa hapa mpaka uweze kuligusa gurudumu."

Tulikaa saa nzima. Mke wangu aligawa ndizi, hata dereva yule akapata yake.

Sasa pedi za breki ni mpya, na kitabu cha gari nimekisoma. Mama, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake, hata tukiteremka kilima kidogo tu huuliza kutoka kiti cha nyuma, "Mwanangu, hiyo ni gia ya ngapi?" Nami humjibu.