Kisiwa cha Idjwi Kionekanavyo kutoka Gisenyi

Msafiri ateremkaye Gisenyi kutoka milima ya Musanze hupokewa na upepo wa Ziwa Kivu kabla hajauona mji wenyewe. Ziwa hili liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo halina mamba wala viboko. Kwa hiyo watoto huoga ufukweni bila ya mama zao kutiwa hofu. Upande wa magharibi, hatua chache tu kutoka majumba ya kale ya wakoloni, ndipo ulipo mpaka wa Goma. Lakini msomaji, geuza uso kusini. Anga likiwa safi, utaona mgongo wa milima ukielea juu ya maji. Hicho ndicho Idjwi, kisiwa ambacho katika maziwa ya Afrika hupitwa kwa ukubwa na Ukerewe ya Tanzania tu.

Wakazi wake wengi ni Wahavu, nao walikuwa na ufalme wao. Mwami Rwabugiri wa Rwanda, aliyekuwa bingwa wa vita, alikishambulia kisiwa hicho kwa mitumbwi, na mfalme wake Kabego akauawa. Rwabugiri alipofariki mwaka 1895, watu wa Idjwi waliurudisha utawala wa ukoo wao wenyewe. Ushindi wa vita, basi, haukudumu. Kilichodumu ni karatasi.

Mwaka 1910 wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikutana mjini Brussels, wakagawana nchi za Kivu. Mpaka ukapitishwa ziwani: Gisenyi ikabaki kwa Mjerumani, Idjwi ikapewa Mbelgiji. Hakuna mvuvi hata mmoja aliyeulizwa. Miaka minne baadaye vita vikuu vilizuka, na Septemba 1914 Wajerumani wakakiteka kisiwa hicho. Wabelgiji walikirudisha mwaka 1916, walipoivamia Rwanda yenyewe. Wengi waliobeba bunduki na mizigo katika pande zote mbili walikuwa Waafrika, wakipigania ziwa ambalo wala Berlin wala Brussels halikuwa lao. Jambo hili askari wa leo yampasa kulifahamu.

Tangu hapo Mbelgiji alizitawala kambo zote mbili za ziwa, lakini mstari haukufutwa. Kongo ilipojitawala tarehe 30 Juni 1960, na Rwanda tarehe 1 Julai 1962, kila nchi iliurithi kama ulivyo. Idjwi ni wilaya ya Kivu Kusini, yenye utemi wa Rubenga kaskazini na wa Ntambuka kusini. Vita vilivyoitesa Kongo ya mashariki baada ya 1996 havikukigusa kisiwa kwa ukali ule ulioonekana bara. Maji yalikuwa ngome yake.

Maji hayo hayo, hata hivyo, yamewameza wengi. Idjwi hulima ndizi, maharagwe, mananasi na hasa kahawa. Kwa miaka mingi mkulima aliona bei ya kahawa upande wa Rwanda ni nafuu kwake, hali upande wa Kongo kodi na madalali humkausha. Hivyo wanaume walipakia magunia mitumbwini usiku wa manane, bila taa, wakapiga makasia kuelekea Rwanda. Dhoruba za Kivu huja ghafla. Wengine hawakurudi, na wajane wao wakabaki na mashamba na watoto. Mwenye sheria atawaita wafanya magendo, wala hakosei. Lakini babu zao walivuka maji yale yale mchana kweupe, na hakuna aliyewaita jina.

Jioni, wavuvi wa Gisenyi huingia ziwani na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, miti mirefu ya kushikilia nyavu imetangulia mbele kama pembe. Huimba wakipiga makasia kwa pamoja. Hutafuta sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, ambao sasa ni kitoweo cha Gisenyi, Goma na Idjwi vilevile. Giza likiingia taa zao huwashwa moja baada ya nyingine, na mtu aliyesimama ufukweni hawezi tena kutambua zipi ziko upande upi.