Taarabu ya Jumba la Sultani

Mtu wa Emali anayedhani kuwa muziki wa majumba ya wafalme husikilizwa Ulaya tu, na aangalie upande wa pwani. Tangu mwaka 2017 treni ya abiria iendayo Mombasa husimama Emali. Kutoka Mombasa hushika njia ya Lunga Lunga na Tanga hadi Dar es Salaam, kisha boti mpaka Unguja. Ni safari ya gharama.

Muziki wenyewe ni taarabu. Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri ajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi nyingi kinachopakatwa mapajani. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na waliozisikiliza ni wageni wa Sultani. Kwa mkulima na mchukuzi mlango ulikuwa umefungwa.

Aliyeufungua ni mwanamke wa shamba. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikuwa akichuuza vyungu. Aliimba taarabu kwa Kiswahili, akaitwa kuimba hata mbele ya Sultani. Na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Tangu hapo mwenye kanzu moja aliusikia muziki uliokuwa wa wenye majoho.

Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Barghash mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Lakini jirani yake, Ngome Kongwe, ina uwanja wa wazi ambako taarabu imepigwa mara nyingi, hasa katika tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004. Wapigaji huketi safu kwa safu wenye fidla, udi, kanuni na akordioni, wanaume kwa sare zao, wanawake kwa magauni ya kitambaa kimoja.

Mkamba aliyezoea ngoma za kuruka na kupinduka hewani huenda akaona hawa wamelala. Asiwe na haraka. Katikati ya wimbo mama mmoja huinuka taratibu, akatembea kwa madaha hadi kwa mwimbaji, akamtunza fedha na kurudi kitini bila kusema neno. Wenyeji hutazamana. Ubeti ule ulikuwa fumbo, na yupo mtu mle mle uwanjani aliyepigwa nalo.