Ijumaa Kuu ya Larantuka



Likizo yangu nimeipangia kisiwa cha Flores, Indonesia, ambako Wareno waliupeleka Ukatoliki katika karne ya 16. Shauku yangu ni maandamano ya Ijumaa Kuu mjini Larantuka, waamini wanapoitembeza usiku, kwa mishumaa, sanamu ya Bikira Maria waiitayo Tuan Ma. Lakini ni paroko gani aliachaye kundi lake Juma Kuu? Padre mwenzangu alijitolea kunishikia nafasi, nami (naungama) nilikwisha kukubali. Ndipo bibi mmoja mgonjwa aliponiuliza: “Baba, Ijumaa Kuu utaniletea Komunyo saa ngapi?”

Nitakwenda Agosti, wakati wa kiangazi chao. Nitapanda mlima Kelimutu wenye maziwa matatu ya rangi mbalimbali, na kuwatazama akina mama wakifuma vitambaa vya ikat. Bibi nimemjibu: saa nne asubuhi.