Goma–Nairobi: Watoto watatu, majina matatu, fomu moja ya shule

Familia moja ya kata ya Himbi, Goma, iliyohamia Nairobi mwezi wa tatu mwaka 2025, ilidhani kwamba jambo gumu la kuwatafutia watoto shule lingekuwa pesa. Baba ni mhasibu wa shirika moja la misaada. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, shirika lilihamisha ofisi, likampa nyumba kwa miezi mitatu na ahadi ya kulipa sehemu kubwa ya karo katika shule ya kimataifa. Majirani waliobaki Himbi walisema: hao wamepona. Na kweli walipona. Lakini ilichukua miezi sita kabla ya mtoto wa kwanza kukaa darasani, na pesa haikuwa sababu.

Kwa usalama wao majina hayatajwi hapa, ingawa habari yenyewe ni ya majina.

Mstari wa kwanza wa fomu uliuliza jina la ukoo. Mkongomani ana jina, jina la pili ambalo kwa Kifaransa huitwa postnom, na jina la ubatizo. Mpango huo ulitoka kwa Mobutu, ambaye mwaka 1972 aliamuru watu waache majina ya kizungu na kuchukua ya mababu. Majina ya ubatizo yalirudi baadaye, lile la pili likabaki. Na baba hamlazimishi mtoto kubeba jina lake. Huyu binti mkubwa, miaka 15, ana jina la bibi yake mzaa baba. Mdogo wake wa miaka 11 ana jina la babu mzaa mama. Hakuna mwenye jina la baba. Kwao hiyo ni heshima kwa wazee, lakini kwa karani wa shule ya Nairobi ni watoto wawili wasiohusiana, walioletwa na mwanaume asiyehusiana nao. Aliandika barua pepe ya adabu akiomba uthibitisho kwamba watoto ni wao. Mama alicheka, kisha akaacha kucheka.

Kinachojibu swali hilo ni cheti cha kuzaliwa kinachotaja baba na mama. Binti alikuwa nacho. Mdogo wake alikuwa na karatasi ya hospitali tu, kwa sababu ukipita siku 90 bila kumwandikisha mtoto komini, sheria inataka hukumu ya tribunali, na wazazi wengi huahirisha mpaka siku ya shida. Siku ya shida ilifika wakati tribunali za Goma zilikuwa zimefungwa. Kaka wa baba aliyeko Kinshasa ndiye aliyebeba kazi hiyo, ofisi hadi ofisi, kwa wiki nyingi.

Kisha kuna mtoto wa tatu. Ana miaka 13, ni mtoto wa marehemu dada ya mama, na amelelewa nyumbani hapo tangu akiwa na miaka minne. Yeye humwita mama wa nyumba Mama mdogo, kama Kiswahili kinavyotaka, maana dada ya mama ni mama. Fomu iliuliza uhusiano, baba akaandika kwa ukweli: mpwa wa mke. Hapo mlango ukafungwa mara mbili. Shule ilidai hati ya ulezi. Shirika nalo lilijibu kwamba karo ni ya watoto walioandikwa kwenye faili ya mfanyakazi, na faili ina wawili. Kanuni hiyo hakika haikuandikwa na mtu aliyewahi kulea mtoto wa ndugu yake.

Jambo lingine lililowakwamisha linafaa kuelezwa polepole, kwa sababu wazazi wengi wa Kivu watakutana nalo. Shule moja waliyoiomba inafuata programu ya Ufaransa. Binti alikuwa akisoma mwaka wa kumi tangu darasa la kwanza. Shuleni kwao Goma bado wengi huita darasa hilo “quatrième”, kwa mazoea ya zamani ya kuhesabu sekondari miaka sita. Tangu sheria ya elimu ya 2014, Kongo ina miaka minane ya elimu ya msingi na minne ya humanités, kwa hiyo darasa lake sasa ni la pili la humanités, na “quatrième” ya leo ni ile ya kumaliza, ya mtihani wa serikali. Wafaransa nao huhesabu kurudi nyuma: sixième, cinquième, quatrième, na hiyo quatrième yao ni mwaka wa nane. Neno moja, madarasa matatu tofauti. Baba aliandika “4e” kwenye fomu, na binti akapangwa na watoto wa miaka 13. Alilia siku nzima, akasema afadhali arudi Goma.

Kosa hilo lilirekebishwa kwa karatasi moja tu. Baba alichora jedwali: mwaka wa masomo, umri wa binti, jina la darasa Kongo, idadi ya miaka tangu la kwanza. Mwaka wa kumi kwa Wafaransa ni seconde. Shule ikakubali afanye mtihani wa kuingia seconde, mtihani ambao shule hizo huwapa watoto wote wanaotoka kwenye shule zisizotambuliwa na Ufaransa. Mzazi anayejaza fomu ya nje asitaje jina la darasa peke yake. Aandike pia miaka.

Alama pia zilihitaji maelezo. Buletini ya binti ilikuwa na asilimia 67. Goma, mwenye 67 anapigiwa makofi siku ya kutangaza matokeo. Kwa msomaji wa Nairobi aliyezoea kuona 85 na 90, huyo ni mwanafunzi wa kawaida. Lakini buletini ya Kongo ina mstari ambao wageni hawauangalii, ule wa nafasi: binti alikuwa wa pili kati ya wanafunzi 54. Mama ndiye aliyegundua. Alizungushia mstari huo kwa kalamu nyekundu kwenye kila nakala, akaomba mtafsiri aandike chini kwamba alama ya kupita Kongo ni 50.

Barua ya siri ya mwalimu karibu iwashinde. Shule nyingi za kimataifa hutaka mkuu wa shule ya zamani atume maoni moja kwa moja, kwa barua pepe ya shule, mzazi asiyaone. Shule ya Himbi haina barua pepe. Prefe wake alikuwa amekimbilia Bukavu, na Bukavu ilipoanguka mwezi wa pili akavuka kwenda Burundi. Walimpata kwa WhatsApp kupitia kwaya ya parokia. Alijaza fomu kwa mkono akiwa nyumba ya kukodi Bujumbura, akaipiga picha pamoja na kadi yake ya kazi, akaituma. Shule iliipokea. Kuomba kwa upole na kueleza hali kulifaa kuliko kunung'unika.

Shule ya pili waliyoijaribu, ya programu ya Kiingereza, iliwapa watoto mtihani unaoitwa CAT4. Sehemu ya maneno iliwaangusha wote watatu, kama ilivyotarajiwa kwa watoto waliosoma Kifaransa. Ila mtihani huo una sehemu ya maumbo isiyohitaji lugha, na hapo yule wa miaka 13 aliwapita wenziwe kwa mbali. Shule ilimwambia arudi baada ya mwaka akijua Kiingereza. Ada ya maombi hairudishwi, kwa hiyo kila mlango uliobishwa ulilipiwa mara tatu.

Septemba, binti na mdogo wake walianza kwenye shule ya programu ya Ufaransa. Ndani ya nyumba halikuwa jambo jepesi. Mama alikuwa amesema ama watatu ama hakuna. Baba akasema nafasi mbili zikipotea, hakuna atakayefaidika. Yule wa tatu anasoma kwenye shule ndogo ya Kikenya karibu na nyumba, ambako mwalimu wa Kiswahili hukata “mutoto” kwa kalamu nyekundu na kuandika “mtoto”. Si shule mbaya. Familia zisizo na mwajiri wa kulipa zifahamu kwamba Desemba 2017, huko Djibouti, nchi za IGAD, Kenya na Uganda zikiwemo, zilikubaliana kuwaingiza watoto wakimbizi kwenye mfumo wa elimu wa taifa. Njia hiyo ipo, hata kama madarasa yamejaa.

Lakini kijana anaona basi la shule likiwachukua wenzake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na yeye anatembea.

Mwezi wa kumi ukoo ulikutana Kinshasa, wengine kwa simu, ukaandika karatasi ya baraza la familia inayowataja Mama mdogo na mumewe kuwa walezi. Sasa iko tribunali ya watoto ikingoja hukumu. Shirika limesema likiiona hukumu litafungua faili upya. Shule imekubali kumshikia nafasi hadi Januari, kwa malipo, na malipo hayo mama ameyatoa kwenye pesa ya vitenge anavyouza kwa Wakongomani wa Kayole.