Uteuzi wa Brashi

Methali husema kuwa mchagua jembe si mkulima. Neno hili ni kweli kwa mvivu, ambaye hushika jembe hili akasema ni zito, akashika lile akasema ni jepesi, hata mvua zikapita naye angali ghalani. Lakini ziko kazi ambazo kuchagua chombo ni sehemu ya kazi yenyewe, na asiyechagua hushindwa kabla ya kuanza. Mojawapo ni kazi ya kupaka rangi kwa mkono bodi la gari la kale. Bodi hilo ni shahidi asiyenyamaza: kila kosa la brashi huonekana juu yake mara gari litolewapo juani, na hapana maneno yawezayo kulificha.

Huko Uingereza, ambako mapenzi ya magari haya ni makubwa, gari la kale kwa maana halisi ni lile lililoundwa tangu mwanzo wa mwaka 1919 hata mwisho wa mwaka 1930. Mwanzoni mwa muda huo magari mengi yalipakwa rangi kwa brashi, kama magari ya farasi yalivyokuwa yakipakwa kabla yao. Tabaka lilipakwa, likangojwa likauka, likasuguliwa kwa jiwe na maji, kisha likapakwa jingine. Matabaka yaliweza kuzidi kumi, na kazi ya gari moja ilichukua majuma kadha wa kadha. Mwaka 1923 kampuni mbili za Marekani, DuPont na General Motors, zilileta rangi iliyoitwa Duco, ambayo ilirushwa kwa upepo na kukauka upesi sana. Magari ya Oakland ya toleo la mwaka 1924 yalitoka yamevaa rangi hiyo. Majuma yakawa siku, na brashi ikaanza kufukuzwa viwandani.

Basi kwa nini mtu wa leo aifuate brashi iliyokwisha fukuzwa? Sababu ya kwanza ni afya. Rangi nyingi za kisasa za kurushwa zina kemikali ziitwazo isosianati, ambazo huweza kumtia mtu ugonjwa wa pumu usiomwacha tena. Mwenye kuzirusha hana budi awe na chumba maalumu na barakoa iletewayo hewa safi kwa bomba, na mwenye gari afanyaye kazi katika kibanda cha nyumbani kwake aghalabu hana kimoja wala kingine. Sababu ya pili ni ukweli. Gari lililopakwa kwa mkono mwaka 1921, likirushiwa leo rangi nyororo kama kioo, hufanana na mzee aliyevikwa uso wa kijana. Watazamaji humsifu, lakini jamaa zake hawamtambui.

Ukweli huo huo humtaka mwenye gari ajiulize swali jingine kabla hajanunua brashi yo yote: je, gari lahitaji kupakwa? Rangi ya kwanza, hata ikiwa imefifia na kupata nyufa, ni maandiko ya mikono iliyokwisha kufa. Ikiondolewa hairudi. Palipo na rangi ya asili inayoshika bado, kuisafisha na kuihifadhi ni heshima kubwa kuliko kuipaka upya. Tena rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake. Mwenye kuzisugua kavu kwa msasa huvuta sumu pamoja na pumzi. Lakini bodi likiwa limeliwa na kutu, au rangi ya asili ilikwisha kuondolewa zamani na watu wasiojali, hapo kupaka si kosa, na uteuzi wa brashi huanza.

Mteuzi hodari haitazami kwanza bei wala mng'aro wa mpini. Huzitazama nywele. Kwa rangi za mafuta, nywele ya nguruwe imesifiwa tangu zamani. Ni nene shinani na nyembamba kileleni, na ncha yake hupasuka ikawa na matawi madogo. Unene wa shina huipa nguvu ya kurudi inapokunjwa. Matawi ya ncha hubeba rangi na kuilaza kwa upole. Kwa miaka mingi nywele bora zilitoka China, na jina la mji wa Chungking lilijulikana sana kwa watengenezaji wa brashi. Nailoni, iliyotumika kwanza katika miswaki ya meno mwaka 1938, iliingia baadaye katika brashi za rangi. Leo ziko brashi njema sana za nyuzi za kiwandani, na kwa rangi za maji ndizo zifaazo, kwa sababu nywele ya nguruwe hunywa maji ikalegea. Ya kuepukwa ni brashi rahisi iliyochanganywa nywele za farasi ili ionekane nene. Nywele hizo hazina matawi nchani, hukosa nguvu, na huacha michirizi.

Baada ya nywele hutazamwa umbo. Mteuzi huibonyeza brashi juu ya kiganja aone kama nywele zarudi mahali pake. Huzivuta kidogo aone kama zang'oka. Huzifunua katikati, maana ndani ya pete ya bati mna kijiti cha kuzitenga nywele, na nafasi yake ndiyo ghala ya rangi. Kijiti kikiwa chembamba ni faida, kikiwa kinene ni udanganyifu, kwani brashi huwa nene kwa nje na tupu kwa ndani. Kisha hutazama ncha kama zimechongeka mfano wa patasi, kwa kuwa ncha hizo ndizo zitakazoligusa gari mwisho.

Ukubwa nao una hukumu yake. Brashi ya inchi 2 hufaa milango na madigadi; ya inchi 1 hufaa kingo na mahali pa bawaba; ya inchi 3 hufaa ubavu mpana wa gari la mizigo. Sababu ni kwamba rangi yapasa ikutane na mwenziwe ingali mbichi. Brashi ndogo mno huchelewa, ukingo ukakauka, na mahali pa kukutania pakabaki alama kama kovu. Brashi kubwa mno huleta rangi kuliko mkono uwezavyo kuitawala, ikashuka kwa matone juu ya mviringo wa madigadi. Ama mistari myembamba ya urembo ubavuni huchorwa kwa brashi ndefu ya manyoya ya kindi, yenye umbo la upanga, ambayo hufuata mkono uliotulia na kumwaibisha mwenye papara.

Katika jambo moja brashi hupindua desturi ya soko. Sokoni kipya hushinda kikuukuu. Kwa mpaka rangi, brashi mpya haiaminiwi. Hudondosha nywele, na ncha zake hazijalainika. Kwa hiyo hupelekwa kwanza kwenye rangi ya chini, ambako makosa husuguliwa kwa msasa yakatoweka, ikakaa huko mpaka imejifunza. Ndipo hupewa tabaka la mwisho. Wapaka rangi wa magari ya farasi waliziheshimu sana brashi zao za vanishi. Walizitundika ndani ya mkebe wenye vanishi au mafuta ya kitani, ncha zisiguse chini, na mfuniko juu kuzuia vumbi. Brashi ya vanishi haikutiwa katika rangi kamwe.

Ingawa hivyo, brashi bora haimwokoi asiyejua kuacha. Rangi hutandazwa, hupitishwa kwa upande mwingine isawazike, kisha hulazwa kwa ncha tupu na mkono mwepesi. Baada ya hapo huachwa ijitulize yenyewe. Wengi huharibu kazi kwa kurudia mahali palipokwisha kuwa pema, wakitafuta wema zaidi. Mteuzi haishi tamaa, na tamaa ya mwisho ndiyo iachayo alama isiyofutika.

Brashi ni kitu kidogo, na gari la kale huweza kuishi kuliko mwenyewe. Atakayelirithi hatajua jina la aliyelipaka, wala bei ya brashi aliyoitumia. Atapitisha kidole juu ya mlango, na kidole kitamwambia kama mtu huyo alichagua kwa uvivu au kwa kazi.